NYASI ZA BAHARINI NA NGUVU YA MAWIMBI

Leo tutazungumza juu ya mmea ambao watu wa pwani wanaukanyaga kila maji yanapokupwa, lakini ni wachache wanaosimama kuutazama. Ni nyasi za baharini. Wasomaji wetu wa bara wasifunge gazeti. Jambo tutakaloeleza wanalijua tayari kutoka shambani, ila pengine hawajui kwamba wanalijua.

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Watu wengi huita kila jani la baharini mwani. Lakini mwani na nyasi si kitu kimoja. Mwani hauna mizizi ya kweli. Hushika jiwe au kamba, na chakula chake huingia kwa mwili mzima kutoka majini. Nyasi za baharini ni mmea kamili kama mpunga au ukoka. Zina mizizi, zina shina linalotambaa chini ya mchanga, zina majani, tena hutoa maua na mbegu, na yote hayo hufanyika ndani ya maji ya chumvi. Ukichimba kidogo kwa mkono utakuta mizizi na mashina yamefungamana kama mkeka. Mkeka huo ni nusu ya habari yetu. Nusu nyingine ni majani.

Duniani ziko aina zaidi ya 60 za nyasi hizi. Katika pwani ya Afrika Mashariki zipo kama aina 12. Nyingine ni ndogo sana, jani lake kama ncha ya kidole. Nyingine ni ndefu kama mikanda, na jani moja linaweza kupita urefu wa mita 1. Iko pia aina yenye shina gumu kama kijiti, na fungu la majani kileleni. Hiyo hupenda kukaa karibu na mwamba, penye maji yenye nguvu. Wavuvi wa dema wanazijua nyasi hizi vizuri kuliko wengine, maana ndimo wanamotega. Tasi na pono hula humo, na changu wadogo hujificha humo. Lakini habari ya samaki tutaiacha leo. Leo tunataka kujua nyasi zinayafanya nini maji yenyewe.

TUANZE SHAMBANI

Siku ya upepo mkali, ingia katikati ya shamba la mahindi yaliyokwisha kukomaa, kisha uchutame. Utaona nini? Juu ya kichwa chako majani yanapiga kelele na vilele vinayumba. Lakini pale ulipochutama upepo ni mdogo. Hata ukiwasha kiberiti, huenda kisizimike. Toka sasa usimame kwenye uwanja mtupu nje ya shamba. Vumbi linakuingia machoni.

Upepo ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba mle shambani kila bua na kila jani linauzuia kidogo. Jani moja haliwezi kitu. Majani elfu kumi yanaweza. Basi upepo hupanda juu na kupita juu ya shamba, na chini hubaki utulivu.

Maji hufanya vivyo hivyo. Mkondo wa maji ukifika kwenye nyasi, sehemu kubwa hupanda na kupita juu yake. Maji machache yanayoingia kati ya majani huenda polepole. Wataalamu waliopima katika nchi mbalimbali wamekuta kwamba mwendo wa maji ndani ya nyasi nene unaweza kupungua mara 2, na mahali pengine mara 10 au zaidi, kuliko mwendo wa maji ya nje.

Unaweza kuona jambo hili mwenyewe bila chombo chochote. Ngoja maji yanapoanza kujaa, yafike magotini. Simama penye mchanga mtupu, chota matope laini kiganjani, uyaachie karibu na chini. Utaona wingu la matope likiondoka haraka kufuata mkondo. Sasa nenda penye nyasi, ufanye vile vile chini kati ya majani. Wingu litakaa. Litazunguka zunguka, kisha litaanza kutua juu ya majani na juu ya mchanga. Ndiyo maana ukipangusa jani la nyasi za baharini mara nyingi unapata vumbi la matope kwenye vidole.

Hapa kuna hesabu moja ambayo tunaomba msomaji aifuate polepole. Nguvu ya maji ya kusukuma mchanga haipungui sawasawa na mwendo. Hupungua upesi zaidi. Mwendo ukipungua ukawa nusu, nguvu inabaki robo tu. Mwendo ukiwa theluthi moja, nguvu inabaki sehemu moja katika tisa. Yaani unazidisha namba kwa namba yenyewe: 2 mara 2 ni 4, 3 mara 3 ni 9. Kwa hiyo hata nyasi ambazo si nene sana, zikipunguza mwendo nusu tu, zimekwisha kuyanyang'anya maji robo tatu ya nguvu zake. Mchanga uliokuwa unachukuliwa sasa unatua. Na ukishatua, ule mkeka wa mizizi unaushika.

MAWIMBI JE?

Wimbi si sawa na mkondo. Mkondo ni maji yanayosafiri. Katika wimbi, maji yenyewe hayasafiri mbali. Tazama chelezo la nyavu. Wimbi likipita, chelezo hupanda, huenda mbele kidogo, hushuka, hurudi nyuma, na mwisho liko karibu pale pale lilipokuwa. Kinachosafiri ni nguvu. Penye maji ya kina kifupi, karibu na chini, kule kupanda na kushuka kunageuka kuwa kwenda na kurudi: mbele, nyuma, mbele, nyuma. Aliyewahi kupiga mbizi penye nyasi ameyaona majani yakilala upande huu, kisha upande ule, kama watu wanaocheza ngoma kwa mstari.

Kila mara maji yanapokwenda na kurudi yanasuguana na majani. Kuyalaza majani na kuyapita kunagharimu nguvu, na nguvu hiyo inatoka kwenye wimbi. Basi wimbi linaendelea na safari yake, lakini limepungua kidogo. Hatua chache mbele limepungua tena.

Mwaka 1992 wataalamu wawili wa Marekani, Fonseca na Cahalan, walitangaza matokeo ya majaribio yao. Walipanda nyasi za baharini za aina nne katika mfereji wa majaribio, wakatengeneza mawimbi, wakapima. Walikuta kwamba, pale ambapo urefu wa majani ulikuwa karibu sawa na kina cha maji, kila mita moja ya nyasi ilipunguza nguvu ya wimbi kwa 40 katika 100. Tufanye hesabu. Wimbi limeingia na nguvu 100. Baada ya mita 1 imebaki 60. Baada ya mita ya pili unatoa 40 katika 100 ya hiyo 60, yaani 24, inabaki 36. Unaona?

Lakini msomaji asikimbilie kusema kwamba mita tano za nyasi zinatosha kulinda kijiji. Soma tena yale maneno: pale ambapo majani yalikuwa karibu sawa na kina cha maji. Hapo ndipo siri ilipo. Baharini kwetu maji hupanda na kushuka sana. Unguja, siku za bamvua, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hufika karibu mita 4. Nyasi za urefu wa sentimita 30 katika maji ya nusu mita zina kazi kubwa. Nyasi zile zile, maji yakishajaa mita 4 juu yake, zimekuwa kama ukoka chini ya mnazi. Upepo unapiga makuti, ukoka hauna habari. Mawimbi mafupi ya upepo hayafiki chini hata kidogo, yanapita juu.

Kuna udhaifu mwingine. Nyasi ni laini. Maji yakija kwa nguvu sana zinalala chini, na kitu kilicholala hakizuii sana. Hiyo ndiyo salama yake, maana zingekuwa ngumu zingevunjika. Tena mawimbi huingia ndani ya nyasi kwa urahisi kuliko mkondo, kwa sababu hayo kwenda na kurudi hayayapi maji nafasi ya kuzoea kupita juu.

Kwa hiyo tuseme wazi. Nyasi za baharini si ukuta. Hazizuii tufani, wala wimbi kubwa la tetemeko kama lile la tarehe 26 Desemba 2004, lililofika hata pwani yetu. Mawimbi makubwa kutoka bahari kuu huvunjwa kwanza na mwamba wa matumbawe. Nyasi hushughulika na yale yaliyobaki, yanayoingia ndani ya mwamba kila siku, mchana na usiku, mwaka mzima. Hapo mtu atasema, basi kazi yenyewe ni ndogo. Sisi hatukubali. Mchanga wa ufukwe hauondoki kwa wimbi moja kubwa tu. Unaondoka pia kiganja kwa kiganja, kila maji yakijaa na kutoka. Na hata bamvua linapojaa, ule mkeka wa mizizi bado umeshika mchanga wake chini.

HABARI YA VIRGINIA

Kuna mahali ambapo nyasi ziliondoka, watu wakaona kilichotokea, kisha zikarudishwa, watu wakapima kilichotokea. Mahali hapo ni mbali, katika jimbo la Virginia, mashariki ya Marekani. Pwani ile ina visiwa virefu vya mchanga, na nyuma yake ziko ghuba zenye maji ya kina kifupi. Zamani ghuba hizo zilijaa aina moja ya nyasi za baharini. Wavuvi walipata humo chaza wengi wa aina inayopenda nyasi, wakawauza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ugonjwa uliziingia nyasi hizo pande zote mbili za Bahari ya Atlantiki ya Kaskazini. Sehemu kubwa ilikufa. Halafu, Agosti 1933, kimbunga kikubwa kikapiga Virginia, kikamaliza zilizosalia katika ghuba zile. Chaza nao wakatoweka, na biashara yao ikafa. Chini pakabaki matope na mchanga mtupu. Upepo ukivuma, mawimbi yalikoroga matope hayo, maji yakawa machafu. Na nyasi ni mmea, zinahitaji mwanga wa jua. Hapo unaona shida ilivyojifunga: nyasi hazipo kwa kuwa maji ni machafu, na maji ni machafu kwa kuwa nyasi hazipo. Hali hiyo ilikaa zaidi ya miaka 60.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilionekana nyasi chache zimeota katika ghuba mojawapo. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi ya Bahari ya Virginia wakajiuliza: kumbe maji yanafaa, ila mbegu hazifiki? Kuanzia mwaka 1999 wakaanza kupanda mbegu. Hawakuwa peke yao. Kila mwaka watu wa kujitolea waliingia majini kuchuma mashina yenye mbegu kwa mikono. Mbegu zilitunzwa kwenye matangi ya maji ya bahari, na msimu wa kupanda ulipofika zilimwagwa kutoka kwenye mashua, kama mkulima anavyomwaga mbegu za mpunga.

Katika miaka kama 20 walimwaga mbegu zaidi ya milioni 70. Eneo walilopanda lilikuwa hekta 200 na kitu. Lakini nyasi zilipofika mahali pa kutosha zilianza kujitengenezea mahali pake zenyewe. Zilituliza maji, matope yakatua, mwanga ukafika chini, mbegu zao zikasambaa. Kufika mwaka 2020 ilitangazwa kwamba nyasi zimeenea zaidi ya hekta 3,600.

Wataalamu Hansen na Reidenbach waliweka vyombo vya kupimia katika ghuba mojawapo, ndani ya nyasi na penye mchanga mtupu ng'ambo yake. Mwaka 2012 walitangaza walichokuta. Mwendo wa maji ndani ya nyasi ulikuwa umepungua kwa 70 hadi 90 katika 100. Urefu wa mawimbi ulikuwa umepungua kwa 45 hadi 70 katika 100 ukilinganisha na penye mchanga mtupu. Msomaji aliyefuata hesabu yetu ya kwanza ajaribu hii: mwendo ukipungua kutoka 10 hadi 3, nguvu ya kusukuma mchanga inapungua kutoka 100 hadi ngapi? Ni 3 mara 3. Inabaki 9.

PENGO LIKIINGIA

Turudi kwetu. Mkulima anajua kwamba korongo kubwa huanza na kijia kidogo. Ng'ombe wamepita, maji ya mvua yakafuata njia yao, msimu wa pili kijia kimekuwa mfereji. Katika nyasi za baharini mambo ni hayo hayo. Nyasi zikikatwa pengo, yale maji yaliyokuwa yanazuiwa pande zote hukusanyika na kupita kwenye pengo, tena kwa kasi. Mchanga wa pengo unachimbwa. Kingo zake zinaning'inia, mizizi inabaki wazi, kipande kinang'oka. Pengo limekuwa kubwa, na maji yanapita zaidi.

Mapengo hayo yanatoka wapi? Mengine huletwa na tufani, au na wanyama wa miiba wa baharini wanapozidi na kula nyasi kupita kiasi. Mengine tunayafanya sisi. Juya la kukokota ni adui mkubwa, kwa sababu huburutwa chini na kuchana kila kitu, na sheria imelikataza. Nanga inayotupwa pale pale kila siku huchimba shimo. Panga la mashine ya boti katika maji mafupi hukata mstari mrefu kama jembe la kukokotwa.

Halafu kuna kilimo cha mwani. Hapa tunasema kwa uangalifu, kwa sababu tangu kilimo hiki kilipoanza kushamiri Unguja mwaka 1989 kimewapa akina mama wengi fedha yao wenyewe. Mkulima mmoja wa mwani tuliyemkuta shambani kwake, pwani ya mashariki ya Unguja, alikuwa anang'oa nyasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, lakini maji yanarudi, semeni upesi."

Tukamwuliza kwa nini anazing'oa. Akasema nyasi zinagusa mwani wake, unachafuka, na kamba zinanasa. Shamba safi ni shamba lisilo majani, ndivyo alivyofundishwa tangu utoto wake kulima mihogo.

"Na zile nguzo za upande ule mbona zimelala?" tukauliza.

"Aa, zile! Kila kusi ikivuma zinang'oka. Mchanga wa pale umekuwa hauna nguvu. Nazipigilia, zinatoka."

Upande ule ndiko alikoanza kung'oa nyasi, miaka mitatu nyuma. Tukamweleza haya mliyoyasoma. Alisikiliza, kisha akatushinda kwa swali: "Basi mwani wangu si majani pia? Nao si unazuia maji?"

Swali zuri. Ni kweli, mwani ukiwa kwenye kamba unapunguza mwendo wa maji kidogo. Lakini baada ya wiki kama sita unavunwa, kamba zinabaki tupu. Na hata ukiwepo, hauna mizizi. Mchanga ulio chini yake hauna wa kuushika. Tukasema ingekuwa vizuri kutafuta penye mchanga mtupu wa asili, au kuacha nyasi zibaki kati ya mstari na mstari, na kuinua kamba kidogo zisiguse majani. Akasema penye mchanga mtupu pamekwisha chukuliwa na wenziwe. Hilo hatukuwa na jibu lake, na ni jambo la wakulima wenyewe kukaa na kupanga, si la gazeti.

Kupanda tena nyasi kunawezekana, lakini si rahisi. Huko Wasini, kusini ya pwani ya Kenya, wanakijiji wamejaribu pamoja na wataalamu wa utafiti wa bahari, wakipandikiza miche kwa kutumia magunia ili isichukuliwe na maji kabla haijashika. Ni kazi ya kungoja maji kupwa, saa chache kwa siku, siku chache kwa mwezi. Kuacha zilizopo ni rahisi mara nyingi zaidi.

Na yale majani makavu yanayorundikana ufukweni? Watu huyaona kama takataka, hata wengine huyachoma. Rundo lile linapigwa na wimbi mahali pa mchanga, na mchanga unaoruka na upepo hukwama humo. Kama halina ubaya kwako, liache.

TUPIME WENYEWE

Yule mama alitaka kujua kama kweli nguzo zake zinang'oka kwa sababu ya nyasi, au ni kusi tu. Sisi hatukuweza kumhakikishia kwa kutazama mara moja. Lakini tulimwonyesha njia ya kujua, na kila mtu anayejua kusoma namba anaweza kuifanya.

Tafuta vijiti vinne vigumu, kila kimoja urefu wa mita 1. Vikoboe, uvichore mistari kila baada ya sentimita 5, na namba zake. Vijiti viwili vipigilie penye nyasi nzima, viwili penye mchanga mtupu ulio karibu, kwa umbali mmoja kutoka ufukweni. Viingie chini nusu yake, visitikisike. Funga kitambaa cha rangi juu ili wenye ngalawa wavione. Andika katika daftari: tarehe, jina la kijiti, na sentimita ngapi zinaonekana juu ya mchanga. Kijiti kikionekana kirefu zaidi, mchanga umeondoka. Kikionekana kifupi, mchanga umeongezeka. Usisome pale palipochimbika kashimo kwenye shina la kijiti, maana kijiti chenyewe huchimbisha. Soma hatua moja pembeni kwa kulaza ubao.

Anza Machi, kaskazi inapokwisha, kabla kusi haijaanza. Soma kila bamvua, mara mbili kwa mwezi, mpaka Oktoba. Yule mama amevipigilia vijiti vyake vinne, na binti yake wa darasa la sita ndiye anayeshika daftari.